Vigunduzi vya gama kabla ya boriti kuwashwa: dalili, sababu na vipimo

Mwongozo huu unahusu vigunduzi vya germaniamu safi vya aina ya klova, yaani fuwele nne za aina ya n ndani ya kopo moja la ombwe, zikizungukwa na ngao ya BGO (fuwele za bismuthi jermanati zinazotoa mwanga zikipigwa na gama) ya kukandamiza mtawanyiko wa Compton, yaani gama inayoacha sehemu tu ya nishati yake ndani ya fuwele kisha kutoroka. Ndivyo vinavyotumika kwenye mfumo wa AFRODITE wa iThemba LABS, karibu na Cape Town, na kwenye mifumo kadhaa ya Ulaya. Lanthanamu bromidi, fuwele inayogeuza gama kuwa mwanga, nayo imeguswa, kwa kuwa siku hizi hupangwa bega kwa bega na germaniamu. Mwenye kigunduzi cha fuwele moja chuoni kwake atatumia sehemu kubwa ya maelezo haya kama yalivyo.

Saa za boriti, yaani miali ya chembe kutoka kwenye kiongeza kasi, hugawiwa kwa maombi na zikipita zimepita. Kasoro ambayo ingepatikana kwa nusu siku ukiwa na chanzo cha kobalti mezani inaweza kuharibu data ya wiki nzima, na hakuna hesabu ya baadaye itakayorudisha kilele (mrundikano wa hesabu kwenye nishati moja ya gama) kilichokwisha kunenepa. Kwa hiyo jaribu kila fuwele, moja moja, na uandike matokeo kabla hujaifunga kwenye fremu. Na ukitafuta kasoro, badilisha kitu kimoja tu kila mara. Aliyebadilisha kebo, volti na kichujio (kinachounda umbo la mpigo kabla haujapimwa) kwa mkupuo mmoja hawezi kujua kilichomsaidia.

Vya kuwa navyo mezani

Vyanzo vidogo vilivyofungwa: kobalti-60 (1173.2 na 1332.5 keV), europiamu-152 (vilele vingi kuanzia 121.8 hadi 1408.0 keV), sesiamu-137 (661.7 keV) na amerisiamu-241 (59.5 keV). Visaini unapovichukua na unapovirudisha, vishike kwa koleo, na vaa beji ya kipimo cha mionzi. Ongeza osiloskopu, palsa (kifaa cha kutoa mipigo ya majaribio), vizibo vya omu 50, multimita na mizani ya kupimia dumu la nitrojeni.

Usianze bila karatasi ya mtengenezaji. Humo ndimo mlimo volti ya kufanyia kazi, ishara yake (hasi au chanya), na upambanuzi (uwezo wa kutenganisha nishati zinazokaribiana) uliopimwa kiwandani. Kwa fuwele ya klova, upana wa kilele cha 1332.5 keV katika nusu ya kimo chake huwa karibu 2.1 keV. Namba hiyo ndiyo utakayoifukuzia.

Hakuna mpigo hata mmoja

Anza na joto, usianze na volti. Germaniamu ikiwa na joto la chumba hupitisha mkondo mkubwa, na kuipa volti elfu kadhaa katika hali hiyo ni kuiua transista ya kwanza ya priampu, kikuzaji kilicho karibu na fuwele. Pima ukinzani wa kipimajoto cha PT100 kilichomo ndani. Ukisoma omu 108 hadi 110, fuwele iko kwenye joto la chumba. Omu 30 ni karibu kelvini 100. Fuwele iliyopoa vizuri itakupa chini ya hapo, mara nyingi kati ya 20 na 28. Kama nitrojeni imejazwa leo asubuhi, subiri. Saa sita ni kiwango cha chini kabisa, na kwa klova kulaza usiku kucha ni busara zaidi.

Joto likiwa sawa, fuata umeme wa priampu: ±12 V na ±24 V, zote nne, zipimwe kwenye plagi yenyewe ya pini tisa badala ya kuamini taa ya kijani kwenye kreti ya moduli za elektroniki. Kukosekana kwa −24 V peke yake kunatosha kunyamazisha fuwele. Kisha angalia waya wa kuzimia volti. Waya huo ukichomoka, au swichi ya moduli ya volti kubwa ikiwa upande usiolingana na priampu yako, moduli hukataa kutoa volti hata ukizungusha kitufe hadi mwisho. Hiyo ni kinga inayofanya kazi yake. Usiiruke kwa kuweka kizibo ili "tuone tu".

Ishara ya volti ni jambo la kuangaliwa na watu wawili. Fuwele ya koaksi ya aina ya n huchukua volti hasi, ya aina ya p huchukua chanya. Moduli nyingi hubadilishwa ishara kwa kigeuzi kidogo ndani au nyuma, na mtu aliyeitumia kabla yako huenda alikuwa na kigunduzi cha aina nyingine.

Sasa panda: volti 100, ngoja sekunde kumi, volti 100 nyingine, jicho likiwa kwenye osiloskopu muda wote. Kila hatua mstari wa msingi utaruka kisha urudi taratibu. Kelele itakuwa nene mwanzoni, halafu itapungua kadiri fuwele inavyojaa uga wa umeme na kapasitansi yake inavyoshuka. Karibu na volti ya kazi kelele huacha kupungua. Ukiweka kobalti hapo, utaona mipigo inayopanda ghafla na kushuka polepole, kwa kipimo cha mikrosekunde 50 hivi.

Volti inapanda, kisha inajizima

Hapa kuna mkondo wa uvujaji. Priampu nyingi zina kitundu cha kupimia volti ya hatua ya kwanza. Ukigawa badiliko la volti hiyo kwa ukinzani wa mrejesho, unapata mkondo. Ukinzani ukiwa gigaomu 1 na volti ikihama kwa 0.1 V, mkondo ni pikoampea 100. Fuwele nzima hukaa chini ya hapo. Ondoa vyanzo vyote wakati wa kipimo hiki, maana mionzi nayo huleta mkondo.

Chora jedwali la mkondo dhidi ya volti. Mkondo ukibaki tambarare halafu ukapaa ghafla karibu na volti ya kazi, uso wa fuwele umechafuka. Ukipanda tangu volti ndogo, shuku joto au ombwe.

Sababu ya kawaida ya uso kuchafuka ni kigunduzi kupashwa joto nusu kisha kupozwa tena. Ndani ya kopo kuna kinyonyaji kinachoshikilia gesi zilizobaki, nacho hushikilia kikiwa baridi tu. Nitrojeni ikiisha usiku, kinyonyaji hupata joto na kuachia gesi. Ukikimbilia kujaza asubuhi, gesi hizo huganda juu ya fuwele. Ukikuta dumu tupu, pambana na hamu ya kujaza. Zima volti, acha kigunduzi kifike joto la chumba kabisa, mpe saa 24 au zaidi, kisha upoze upya tangu mwanzo. Mara nyingi fuwele iliyokuwa inavuja huamka salama kwa tiba hiyo tu.

Kopo lenye jasho au ukungu kwa nje, na nitrojeni inayoisha upesi kuliko zamani, ni dalili za ombwe kupungua. Pima kwa mizani: lita moja ya nitrojeni kimiminika ina uzito wa kilo 0.8 hivi, kwa hiyo kupima asubuhi na jioni kunakupa matumizi ya siku bila kubahatisha. Matumizi yakiwa mara mbili ya kawaida, kigunduzi kinahitaji kuvutwa ombwe upya na watu wenye pampu na ujuzi huo. Chumba unachojazia kiwe na hewa inayopita. Lita moja hugeuka karibu lita 700 za gesi, na gesi hiyo hufukuza oksijeni bila harufu wala onyo.

Kilele kimenenepa

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo linalosababisha fuwele nzima kurudishwa kiwandani bure. Swali la kwanza ni moja: unene unatoka kwenye umeme, au kwenye fuwele? Palsa hulijibu.

Ingiza mipigo ya palsa kwenye kiingilio cha majaribio cha priampu, urefu wake urekebishwe ili ikae mahali patupu, tuseme karibu na 1600 keV. Kusanya spektra ikiwa na kobalti-60 na palsa kwa pamoja, hesabu zisizopungua 10,000 katika kila kilele, kisha pima upana wa vyote viwili. Mipigo ya palsa haipiti kwenye ukusanyaji wa chaji ndani ya fuwele, kwa hiyo upana wake ni kelele ya umeme tupu.

Hesabu yenyewe ni hii. Germaniamu hutumia eV 2.96 kuzaa jozi moja ya elektroni na tundu (nafasi yenye chaji chanya iliyoachwa na elektroni). Ukichukua kigezo cha Fano (kinachoonyesha jinsi idadi ya jozi inavyotawanyika) kuwa 0.1, mtawanyiko wa idadi ya jozi peke yake unatoa upana wa 1.48 keV kwenye 1332.5 keV, na hakuna fundi anayeweza kuupunguza. Upana wa kelele hujumlishwa nao kwa miraba. Palsa ikiwa 0.9 keV, unapata mzizi wa (1.48² + 0.9²), yaani 1.73 keV. Kinachobaki kati ya hapo na upana uliopima ni ukusanyaji wa chaji.

Chukua mfano: kilele chako kina 2.4 keV. Palsa ikisoma 1.9, jumla ya miraba inatoa 2.41. Yote imeelezwa na kelele, fuwele haina hatia. Palsa ikisoma 0.9 na kilele kikiwa bado 2.4, acha kuchezea kebo. Tatizo liko kwenye chaji, kwenye volti au kwenye mpangilio wa kichujio.

*Palsa nayo imenenepa.* Badilisha muda wa kichujio uone upana unaelekea wapi. Ukirefusha muda na hali ikazidi kuwa mbaya, kuna mkondo wa uvujaji au mtikisiko. Ukifupisha na ikawa mbaya, kuna kapasitansi iliyozidi au transista ya kuingilia imechoka. Kisha tazama mstari wa msingi kwenye osiloskopu, milisekunde 5 kwa kila mraba. Wimbi linalojirudia kila milisekunde 20 ni umeme wa ukutani wa Hz 50 ukizunguka kwenye nyaya za ardhi. Kigunduzi, kreti na kompyuta vikichukua ardhi kutoka soketi tatu tofauti, kitanzi kimeshaundwa. Viunganishe vyote kwenye soketi moja, na hakikisha kopo la kigunduzi haligusi fremu ya chuma bila kizuizi cha plastiki.

Wimbi la polepole lisilo na mpangilio, linaloongezeka ukigonga meza kwa kidole, ni mtikisiko: pampu ya ombwe, feni, au nitrojeni inayochemka mara tu baada ya kujaza. Linganisha upana wa kilele dakika kumi baada ya kujaza na saa mbili baadaye. Ikiwa tofauti ni kubwa, data ya dakika zile za kujaza itiwe alama isitumike.

Usisahau kizibo cha omu 50 mwishoni mwa kebo ndefu pale kifaa kinapokihitaji. Bila hicho mpigo hurudi na kujipandia mwenyewe. Ukikiweka mara mbili, urefu wa mpigo hupungua.

*Palsa nzuri, kilele kibaya.* Tazama umbo. Mkia uko upande gani, na unabadilika ukisogeza chanzo?

Mkia wa upande wa nishati ndogo unaobadilika na wingi wa hesabu hutoka kwenye kusahihisha vibaya mporomoko wa mpigo. Kwenye kadi ya kidijitali, kipimo cha mporomoko kikiandikwa mikrosekunde 40 ilhali mpigo wako una 50, kilele kitakuwa kizuri kwa hesabu 500 kwa sekunde na kitaharibika kwa 10,000. Pima mporomoko wa kila fuwele kwa osiloskopu. Usinakili namba ya fuwele ya kwanza kwenye zile tatu nyingine.

Mkia wa upande wa nishati kubwa unaoongezeka chanzo kikisogea karibu ni mipigo inayopandana. Washa kikataa-mipandano au sogeza chanzo mbali.

Mkia wa upande mdogo usiojali wingi wa hesabu ndio wa kuogopwa, maana unaweza kuwa uharibifu wa nyutroni. Hata hivyo kuna mambo mawili yanayofanana nao kabisa. La kwanza ni sehemu bapa ya kichujio cha trapezo kuwa fupi kuliko muda wa chaji kukusanyika. Ipeleke hadi mikrosekunde 1 uone. La pili ni volti iliyo chini ya ile ya karatasi. Yote mawili yakiwa sawa, pima upana katika moja ya kumi ya kimo na ugawe kwa upana wa nusu kimo. Kilele safi hutoa 1.82. Ukifika 2.2 au zaidi, nyutroni za majaribio yaliyopita zimeacha mitego inayonasa matundu.

Fuwele za aina ya n huvumilia nyutroni kuliko za aina ya p, lakini hazina kinga. Tiba ni kuioka fuwele karibu nyuzi 100 za Selsiasi kwa siku kadhaa ikiwa inavutwa ombwe, kazi ya wenye kituo maalumu. Hadi ifike huko, iache ikiwa baridi. Fuwele iliyoharibiwa na nyutroni ikipashwa kidogo kisha ikapozwa bila kuokwa huzidi kuwa mbaya.

Onyo la mwisho hapa: usipime upambanuzi kwa kilele cha 511 keV. Elektroni zinazoangamizana na pozitroni zina mwendo wake, kwa hiyo kilele hicho ni kipana kwa asili hata kwenye kigunduzi bora.

Kilele kinatembea

Acha mfumo usiku kucha bila chanzo na ufuatilie 1460.8 keV ya potasiamu-40 na 2614.5 keV ya thaliamu-208, ambazo ziko ndani ya kuta za karibu kila jengo. Germaniamu ikihama zaidi ya nusu keV kwa usiku mmoja, angalia joto la chumba cha elektroniki na uthabiti wa umeme wa kreti.

Lanthanamu bromidi hutembea zaidi, na mwenye lawama mara nyingi ni mrija wa fotomaltiplaya, unaogeuza mwanga kuwa mpigo wa umeme. Kwa mrija wa hatua kumi, ukuzaji huenda takriban na volti kwa kipeo cha saba, kwa hiyo asilimia moja ya volti ni asilimia saba ya nishati. Uga wa sumaku wa vifaa vya boriti nao husogeza kilele: zungusha kigunduzi mahali pake nyuzi 90, kilele kikihama, ngao ya sumaku haitoshi. Ukiona kelele nyingi za nishati ndogo, zima taa za chumba. Zikipungua, mwanga unaingia kwenye kiungo cha mrija.

Kwenye fuwele hizi usitumie 1460.8 keV kama rejea bila kufikiri. Lanthanamu-138 iliyomo ndani yenyewe hutoa gama ya 1436 keV, ambayo hujumlishwa na eksirei za bariamu na kuunda kilele kinachokaribia 1470. Nayo aktiniamu-227 huacha vinundu vya alfa juu ya 1.6 MeV. Hayo si maradhi.

Hesabu ni chache kuliko inavyopasa

Weka kobalti-60 sentimita 25 kutoka uso wa kopo, kwenye mhimili wa fuwele unayoipima. Tuseme chanzo kina kBq 37 leo, muda hai (muda ambao mfumo ulikuwa tayari kupokea mpigo) ni sekunde 1000, na kilele cha 1332.5 kina hesabu 8880 baada ya kutoa usuli (hesabu zilizo chini ya kilele zisizo zake). Ufanisi kamili ni 8880 ÷ 37,000,000, yaani 0.00024. Gawa kwa 0.0012, kipimo cha rejea cha sodiamu iodidi ya inchi 3 kwa 3, upate asilimia 20.

Neno zito hapo ni "leo". Kobalti-60 hupungua nusu kila miaka 5.27, na kibandiko cha chanzo kinaonyesha tarehe ya kiwandani. Anayesahau huona fuwele yake imepoteza nusu ya ufanisi. Umbali nao hauna msamaha: milimita 5 za kukosea kwenye sentimita 25 ni karibu asilimia 4. Tumia muda hai badala ya muda wa saa ya ukutani. Na ukisogeza chanzo karibu sana, gama mbili za kobalti huingia pamoja, hesabu hukimbia kutoka kwenye vilele vyake na kuibukia 2505.7 keV. Sesiamu-137 haina shida hiyo, ndiyo ya kukagulia.

Upungufu ukiwa kwenye nishati ndogo pekee, kilele cha 59.5 keV kimekufa ilhali 1332.5 ni kizima, tafuta kwanza kizingiti cha programu kilichowekwa juu, kisha karatasi ya risasi au shaba iliyosahauliwa mbele ya kopo.

Klova na ngao yake

Kila fuwele peke yake ni nzuri, lakini jumla ya nne ni mbaya: mizani ya nishati haijalingana. Rekebisha kila moja kwa europiamu-152 hadi vilele vyote vikubaliane ndani ya 0.2 keV, ndipo ujumlishe. Jumla ikiwa nyembamba lakini imeshuka kidogo chini ya 1332.5, mipigo ya fuwele moja inagusa mstari wa msingi wa jirani yake, na marekebisho yafanywe kwa matukio ya fuwele mbili mbili. Kujumlisha kunapaswa kukuza kilele hicho takriban mara 1.5 kuliko kuhesabu fuwele moja moja. Ukipata 1.1, angalia dirisha la wakati, yaani muda ambao mipigo huhesabiwa kuwa ya tukio moja.

Ngao ya BGO hupimwa kwa kulinganisha spektra mbili za kobalti, yenye kura ya veto (kulikataa tukio BGO ikipigwa pamoja na fuwele) na isiyo nayo. Mlima wa Compton ulio chini ya 1118 keV lazima ushuke sana, na vilele vibaki karibu vile vile. Mlima usiposhuka, mrija mmoja wa BGO umekufa au wakati wake uko nje ya dirisha. Tazama kila mrija peke yake kwa sesiamu-137. Vilele vikipungua pamoja na mlima, gama za chanzo zinaipiga BGO moja kwa moja: kobalti hutoa gama mbili, moja inaingia fuweleni, nyingine inaipiga ngao na kuikataa ya kwanza. Chanzo hakiko mahali pa shabaha, au kizuizi kizito cha tangsteni mbele ya ngao hakijarudishwa.

Vilele visivyo na mwenyewe

Kabla ya kutangaza mpya, toa vya nyumbani: 609.3 na 1764.5 keV vya bismuthi-214, kisha 2103.5 na 1592.5 keV, ambavyo ni 2614.5 iliyopoteza gama moja au mbili za 511. Kati ya 72 na 88 keV ni eksirei za risasi ya kinga yako. Boriti ikishawashwa utaona pia 596 na 691 keV vikiwa na mteremko mrefu upande wa juu, kama jino la msumeno. Hizo ni nyutroni zikigonga viini vya germaniamu yenyewe na nishati ya kurudi nyuma ikijumlishwa kwenye mpigo. Usiguse kichujio kwa ajili yake. Andika tu eneo la mteremko huo kila zamu, kwa sababu linakuonyesha ni nyutroni ngapi fuwele zako zinapokea.